Sinki Lililonuka Siku ya Kuchagua Chuo

Siku niliyokwenda kuchagua chuo, mama yangu alilala chali kwenye sakafu ya maabara, mbele ya watu kama arobaini, akaingiza kichwa chini ya sinki na kuanza kunusa.

Nilikuwa hatua mbili kutoka miguuni pake. Nikageukia dirishani, nikajifanya natazama miti.

Najua ushaanza kumcheka mama wa watu. Cheka, ila soma mpaka mwisho.

Mama yangu ni fundi bomba. Ndiyo, mama. Baba alipofariki aliacha begi la spana, na ndugu wakashauri liuzwe. Mama akalitia begani. Miaka kumi na mitatu anazibua mabomba ya watu. Kuna nyumba akibisha hodi wanachungulia nyuma yake na kuuliza, "Fundi yuko wapi?" Naye hujibu, "Ndiye huyu anayewaombeni mpishe mlangoni."

Mimi nilitaka kazi ya maabara ya hospitali. Yule anayechukua damu yako, anaitazama kwenye darubini, kisha anaandika kitu ambacho daktari atakifuata. Tangu kidato cha pili sikutaka kingine.

Nikakubaliwa vyuo viwili.

Cha kwanza tulikiita Chuo cha Vioo, maana jengo zima ni vioo, ukisimama nje unaweza kujichana nywele. Cha pili tulikiita Chuo cha Mabati. Sina haja ya kueleza.

Utaratibu ulikuwa hivi: unathibitisha chuo kimoja kwa simu, cha pili kinafutika papo hapo. Mwisho, saa kumi kamili jioni ya siku ile. Ukikosea, umekosea. Unaweza kuomba upya mwakani, lakini wenye nia kama yako ni maelfu, na hakuna aliyekuahidi nafasi.

Mimi nilishachagua moyoni. Picha ya jengo la vioo nilikuwa nimeiweka kwenye wasifu wangu wa simu wiki nzima, na watu walishanipongeza. Kwenda siku ya wageni ya Chuo cha Vioo ilikuwa kukamilisha tu.

Mama akasema, "Twende wote. Nitapitia huko nikitoka kazini."

Akaja kweli. Na begi la spana, na ile suruali yake yenye madoa ya gundi ya mabomba. Nikamwambia, "Mama, si ungebadilisha nguo?"

"Kwani wananidahili mimi?"

Tukapokewa na Msajili. Mtu mrefu, suti imekaa, sauti ya kumtuliza mtoto mwenye homa. Pembeni yake amesimama dada mmoja wa mwaka wa tatu, koti jeupe limepigwa pasi mpaka mikono. Yeye ndiye wa kututembeza. Jina hakututajia, mimi nikampa la Dada Koti.

Nilikuja na daftari. Ndani nimeandika maswali kumi na manne, mengine nimeyaokota mtandaoni, mengine ya kwangu. Je, kozi inatambulika? Je, mna walimu wa kutosha? Je, maabara mnayo? Je, hosteli ni salama? Maktaba je?

Aisee, Msajili alijibu yote. Hakukwama hata mara moja.

"Inatambulika. Tunao. Tunayo, na ni ya kisasa. Ni salama sana. Maktaba hufunguliwa kila siku."

Nikawa naweka alama ya vema, vema, vema. Wazazi wengine wakawa wananitazama na kuwaambia watoto wao, "Unaona mwenzio alivyojiandaa?" Kichwa kikanivimba.

Mama hakuuliza kitu. Yeye alikuwa anashika shika. Anafungua mlango na kuufunga. Anainama kutazama chini ya ukuta. Tulipofika hosteli akaingia chooni, tukasikia anavuta maji, kisha kimya. Watu arobaini wanamsubiri. Akatoka anajifuta mikono.

"Mama, kuna tatizo?" Msajili akauliza.

"Hamna. Maji mnayo, yana nguvu kweli. Nimehesabu, tangi limejaa sijafika hamsini."

Watu wakacheka. Mimi nikasogea mbele kidogo ili ionekane nimekuja na watu wengine.

Saa tisa kasoro tukapanda maabara.

Jamani, ile maabara! Meza nyeupe, darubini zimefunikwa vitambaa vya bluu, sinki ishirini zimepangwa mistari miwili. Kila mtu akatoa simu. Nami nikapiga picha, nikawa naandika na maneno ya kuweka chini yake.

Dada Koti akatupanga. "Njooni mpaka huku ndani," akasema. "Simameni hapa, karibu na sinki hili. Hapa ndipo mtaona vizuri."

Tukasogea. Ndipo harufu ikaja.

Haikuwa kali. Ilikuwa inakuja inapotea. Mama mmoja akaziba pua na kanga ya bega lake, na Msajili akawahi.

"Hiyo ni kemikali. Maabara yoyote inayofanya kazi lazima inukie dawa. Mtazoea."

Watu wakatikisa vichwa kukubali, kama waliozaliwa maabarani. Mimi pia nikatikisa.

"Hiyo si kemikali," mama akasema.

Hakusema kwa ukali. Aliweka begi chini, akapiga magoti, akalala chali, na kichwa kikapotelea chini ya sinki. Ndiyo pale nilipoanzia kusimulia.

Kisha mtu akacheka puani, na mwingine akafuata. Kijana mmoja akainua simu kumrekodi.

Tabasamu la Msajili likaondoka. Akatutazama mmoja mmoja.

"Samahani, huyu mama ni wa nani? Amekuja na nani?"

Swali jepesi kuliko yote kumi na manne ya kwangu. Jibu lake nilikuwa nalo tangu nizaliwe.

Sikujibu.

Nilitazama miti dirishani. Naandika haya na bado uso unaniwaka.

Kutoka chini ya sinki mama akasema, taratibu tu, "Niko peke yangu, baba. Nimekuja kuangalia. Mimi ni fundi."

Akanisitiri. Mbele ya wale watu wote akanisitiri, na mimi nikaacha anisitiri.

Tukasikia kitu kinazungushwa. Mama akatoka na kile kikombe cha plastiki kinachofungwa chini ya sinki. Akakiinua, akakipindua kiganjani. Badala ya maji ukatoka mzoga wa buibui na vumbi.

"Kila sinki duniani lina kikombe kama hiki au kona ya bomba," akasema. "Kazi yake ni kubaki na maji. Yale maji ndiyo yanazuia harufu ya maji machafu isipande juu. Ukinawa mara moja tu, kinajaa chenyewe. Hiki kimekauka mpaka buibui amehamia, na amekufa humu humu kwa uzee. Sinki hili halijatumika miezi."

Kicheko kikakatika.

"Wanafunzi walikuwa likizo," Msajili akajibu hapo hapo.

Nikashusha pumzi. Naam, likizo. Nilitaka sana iwe likizo. Ndani yangu nilikuwa namwomba mama afunge kikombe chake twende ukumbini.

"Na kama mna wasiwasi," Msajili akaendelea, "mwanafunzi huyu hapa. Yuko mwaka wa tatu. Ulizeni."

Mzee mmoja wa kofia akauliza, "Binti, maabara mnaitumia?"

"Ndiyo," akajibu Dada Koti.

"Vifaa vipo?"

"Vipo."

"Mnafundishwa vizuri?"

"Ndiyo, vizuri."

Mzee akaridhika. Lakini mimi nilikuwa karibu na Dada Koti, na nikaona kitu. Yule dada alikuwa anajibu huku ananikodolea macho mimi. Mimi na daftari langu. Kwenye ubao wa dirisha nyuma yake kulikuwa na jagi la plastiki la kijani, na mkono wake ulikuwa umelishika mpini kwa nguvu.

Nikatazama daftari. Je, mna. Je, kuna. Je, ni. Maswali kumi na manne, na yote unaweza kuyajibu "ndiyo" ukiwa umelala usingizi. Mtu asiye na kitu na mtu mwenye nacho watasema neno lile lile.

Nikamtazama mama. Anamfunga buibui wa watu kwenye karatasi ili asichafue sakafu. Sakafu ya waliomcheka.

Nikafunga daftari.

"Mama yangu hajamaliza," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Watu wakageuka. Kijana wa simu akanielekezea mimi.

"Ndiyo, ni mama yangu. Na mimi nina swali." Nikamgeukia Dada Koti. "Dada, mara ya mwisho ulipoingia humu kwa somo, mlifanya nini? Na mlipomaliza, ulinawa mikono sinki lipi?"

Akalitupia jagi jicho.

Msajili akasema, "Swali gani hilo? Twendeni, muda umekwisha."

"Sinki lipi, dada?"

Alimtazama Msajili. Akanitazama. Kisha akatembea hadi sinki la pili, akashika koki, akaifungua mpaka mwisho.

Koki ikakohoa. Kho. Kho. Ikatoa upepo, ikanyamaza.

"Maji yamekatika leo," Msajili akasema. Sasa sauti ya kutuliza mtoto haikuwepo.

Mama akajipangusa magoti. "Bosi, choo cha hosteli nimekivuta sasa hivi. Nilisema mbele yenu tangi limejaa sijafika hamsini, mkacheka. Maji hayajakatika. Humu hayajawahi kuunganishwa."

Hakuna aliyecheka mara hii.

Lakini usidhani watu walitoka mbio. Tulitoka watu tisa. Waliobaki waliteremka ukumbini kuthibitisha. Mzee wa kofia alinipita ananiambia, "Sinki tu hilo, mjukuu wangu, litatengenezwa. Jengo zuri umeliona." Watu tulikuwa tumeshapiga picha, unadhani mchezo?

Tukakaa kwenye ngazi za nje, mimi na mama. Saa tisa na dakika arobaini.

Hapo ndipo hofu yenyewe iliponishika. Chuo cha Vioo kimenidanganya, sawa. Lakini Chuo cha Mabati sijakiona. Kiko upande wa pili wa mji, kufika ni saa nzima. Je, kama nacho hakina hata buibui? Nikibonyeza, siwezi kurudi. Nisipobonyeza, mwaka umekwenda.

"Mama, nifanyeje?"

"Mimi darubini siijui," akasema. "Najua maji tu. Waulize hao nao swali lile lile."

Barua yao ya udahili ilikuwa na namba ya idara. Nikapiga. Ikaita ikakata. Saa tisa na arobaini na nne. Nikapiga tena, ikaita mpaka mwisho. Nikaweka spika ili mama naye asikie.

Mara ya tatu ikapokelewa. Sauti ya mwanamke, nyuma yake kelele tupu.

"Haloo! Sema haraka, nina watu."

"Shikamoo mama. Samahani, naomba kuuliza, mara ya mwisho wanafunzi wenu waliingia maabara lini?"

"Kwani wametoka? Wako humu tangu saa sita, wamenichosha!"

"Wanafanya nini?"

"Wanapaka damu kwenye vioo, wengine wanagombania darubini. We nani? We ndiye fundi? Sinki zangu tatu, moja imeziba tangu Jumatatu, foleni ya kunawa imefika mlangoni. Nimepiga simu mara ngapi? Mbona huji?"

Nikamtazama mama. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, mabega yanatikisika.

"Mwambie fundi atakuja kesho asubuhi," akaninong'oneza.

Nikasema hivyo hivyo. Yule mama akajibu, "Msije mkanidanganya tu," akakata.

Hakuwa amenisifia chuo chake hata kwa neno moja. Aliniambia shida zake. Mama akafunga begi lake, akasema, "Sinki likiziba ujue lina watu."

Saa tisa na dakika hamsini na mbili nikabonyeza Chuo cha Mabati. Ujumbe ukaja: umethibitisha. Jengo la vioo likafutika kwenye orodha yangu, na nikalia kidogo, nisikufiche. Nilikuwa nimelipenda.

Njiani tukirudi mama akasema, "Kuna kitu kinanisumbua."

"Nini?"

"Sinki ishirini, zote hazina maji, zote zilipaswa kunuka. Mbona ilinuka moja tu? Nilipiga vikombe vya zile za jirani kwa kidole, vilikuwa na maji. Maji hayo yalitoka wapi?"

Akalibeba swali lile kama mzigo. Hata miezi baadaye, akiwa kazini, alikuwa akinipigia ghafla, "Moja tu, mwanangu. Kwa nini moja?"

Kesho yake alikwenda akazibua lile sinki la Mabati. Alitoa humo pamba, vipande vya vioo na pete ya mtu.

Mwaka ukapita. Nikaingia mwaka wa pili, na mkuu wa maabara, yule yule mama wa simu, akanipa kazi ya kuwapokea wageni wa mwaka wa kwanza na kuwaonyesha taratibu. Kunawa kwanza, koti baadaye.

Foleni ilikuwa ndefu. Nikawa nasema bila kutazama nyuso, "Anayefuata. Anayefuata."

Mmoja akasimama mbele ya sinki hakunawa. Alikuwa ameshika koki, anatazama maji yanavyotoka.

"Dada, unachelewesha wenzako."

Akageuka. Kwapani koti jeupe, limepigwa pasi mpaka mikono.

Nikabaki mdomo wazi. Dada Koti. Mwaka wa tatu kule, na sasa mwaka wa kwanza hapa, anaanzia sifuri na watoto wa juzi.

"Unanikumbuka?" akasema.

"Nakukumbuka. Nisamehe, siku ile nilikubana mbele ya watu."

Akatikisa kichwa. "Hukunibana. Nilikuwa nakusubiri."

Tulipotoka tukakaa kwenye ukuta wa nje, akanieleza.

Miaka mitatu kule hakuwahi kugusa darubini iliyofunuliwa. Vyeti vyake vya sekondari vilikuwa kwenye kabati la Msajili, na aliambiwa wazi kwamba mwanafunzi mwenye mdomo vyeti vyake huchelewa kupatikana. Wakampa kazi ya kutembeza wageni. Na kila siku ya wageni, asubuhi, alitakiwa kuteka maji hosteli kwa jagi la kijani, apite sinki moja moja, amwage kidogo, ili harufu isipande.



"Sinki ishirini," akasema. "Nilikuwa namwaga kumi na tisa."

"Moja ukaiacha?"

"Niliiacha kila mara. Halafu nawasimamisha wageni karibu nayo, nasubiri mtu aulize. Mara nne wamekuja watu. Mara nne wakaambiwa ni kemikali, wakakubali. Wengine walinisifu kwamba nasoma mahali panaponukia dawa." Akacheka, lakini macho yalikuwa yamejaa. "Mara ya tano akaja mama yako, akalala chini."

"Na koki?"

"Uliponiuliza nimenawa wapi, nikajiuliza na mimi. Miaka mitatu, nimenawa wapi? Nikaona bora niifungue. Vyeti nilihangaika navyo miezi mitano, lakini nilivipata. Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone?"

Jioni nikampigia mama. Nikamsimulia yote, mpaka lile jagi.

"Kumbe lile sinki liliachwa makusudi," akasema. "Mtoto wa watu alikuwa anaomba msaada kwa bomba. Mlete nyumbani nimwone."

Wewe unayejiandaa kwenda kutembelea chuo, sikiliza. Daftari beba, lakini maswali ya "je, mnayo" yaache nyumbani. Muulize mwanafunzi jana alifanya nini, kwa mikono yake, na alinawa wapi. Muulize mfagiaji. Vuta choo. Ukisikia harufu ukaambiwa ni dawa, usikubali, kwa sababu pengine kuna mtu kaiacha inuke ili wewe uulize. Na anayeuliza swali la aibu kwa ajili yako, simama karibu naye.

Maana kuna jambo nilimwambia mama jioni ile ile kwenye simu, kabla hatujaagana. Nilikuwa nalikwepa mwaka mzima.

"Mama, siku ile Msajili alipouliza wewe ni wa nani, nilisikia. Nilinyamaza makusudi."

"Najua."

"Ulijua? Na hukusema kitu?"

"Niseme nini?" akajibu, na nyuma yake nikasikia spana inagonga bomba, yuko kazini kwa watu. "Kuna mabomba marefu, mwanangu. Unafungua koki, maji hayatoki, unadhani hakuna kitu. Unasubiri tu. Wewe ulichelewa kidogo, lakini ulifika."